Kipimo Kilichosema Bado

Taa ya injini iliwaka kwenye gari la Bibi Deolinda kwa mara ya tatu siku ya Jumatatu, katikati ya daraja, na kwa bahati mbaya siku hiyo mwanawe Octávio ndiye aliyekuwa ameketi pembeni yake.

Jumanne asubuhi gari lilikuwa ndani ya gereji ya Gualter Pimentel, na Octávio amesimama mbele ya gari hilo mikono kiunoni, kama mtu anayemsuta mbuzi aliyekula mboga za jirani.

"Nasema mara moja," alisema. "Mara ya kwanza shemeji Lionel alichomoa betri, taa ikazimika, tukashangilia. Wiki mbili, ikawaka. Mara ya pili akaja rafiki yake na kimashine cha mfukoni, akaifuta. Siku kumi, ikawaka. Mama ana miaka sabini na nne. Gari likimzimikia kule juu ya daraja, malori huku na huku, nani atakwenda kumwokota? Ijumaa mnionyeshe kwamba gari limepona. Sisemi taa izimike. Nasema lipone! La sivyo ufunguo nachukua mimi, gari linakwenda kwa wanunua vyuma, mambo yaishe."

"Mambo gani yaishe?" aliuliza Bibi Deolinda. Alikuwa ameketi juu ya rundo la matairi, mkoba mapajani, miguu haifiki chini. "Na baba yako atakula nini?"

"Kule wanapika, Mama."

"Wanapika!" alisema Bibi, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba paka nao wanapika.

Babu Serafim alikuwa na mwaka wa pili katika nyumba ya wazee ng'ambo ya mto, tangu kiharusi kilipomchukua mguu wa kushoto. Kila siku saa tano na nusu Bibi alimpelekea supu ya sukuma wiki, maharage na soseji, akiwa ameifunga kwa taulo mbili ili ifike inatoa moshi. Hapakuwa na basi la kufika kule. Octávio alifanya kazi zamu ya mchana, kwa hiyo bila gari Bibi angemwona mumewe Jumapili tu. Kila mtu pale gerejini alilijua hilo, hata Octávio, na ndiyo maana alikuwa anapiga kelele.

Alipoondoka, Gualter alijifuta mikono, akamtazama fundi wake.

"Haya, Profesa. Bibi yako, mgonjwa wako."

Natércia alikuwa mtoto wa dada yake Octávio, umri miaka ishirini na sita. Gereji ile aliingia kwa ufagio na simu. Kisha kwa miezi kumi na minane alikwenda shule ya ufundi jioni, Jumanne na Alhamisi, na jioni zote hizo binti yake mdogo alilala kwenye kochi la Bibi Deolinda, akinusa supu. Cheti chake kilikuwa ukutani, kimepigiliwa kati ya kalenda ya mtakatifu na orodha ya bei za oili. Gualter, ambaye alisoma injini kwa pua na sikio, alimwita Profesa mbele ya wateja, na wateja wakiondoka alimwomba amsaidie kuwasha kompyuta.

Natércia alichomeka waya wa mashine chini ya usukani.

"Futa, tuone kama itarudi," alisema Gualter.

"Sifuti. Mwalimu wetu alikuwa anasema, ukifuta kabla ya kusoma umemziba mgonjwa mdomo. Hawa wamemziba mara mbili."

Alisoma. Namba ya hitilafu ilisema mvuke wa petroli: vali inayopaswa kufunga haifungi. Kisha akafungua ile picha. Taa inapowaka, kompyuta ya gari huweka picha ya dakika ileile, mwendo ulikuwa kiasi gani, joto la maji, mafuta yaliyomo. Mwendo maili thelathini na moja. Maji ya moto. Tangi, asilimia mia. Natércia alinakili vyote kwenye daftari kwa mwandiko wake wa darasani, akapiga mstari chini, akageuza ukurasa. Baadaye angejicheka kwa mstari ule.

Alipuliza moshi kwenye mabomba kwa mashine, akayapitia na tochi, hakuna lililovuja. Vali ilikuwa imelowa, haifungi hata ukiibembeleza. Alipolishusha kopo la makaa, lile linalokaa nyuma chini ya gari kunyonya mvuke wa petroli usitoke nje, lilimjia mikononi zito kama nepi ya asubuhi. Kopo la namna ile linatakiwa kuwa jepesi. Ndani ya hili petroli ilikuwa inachezacheza.

"Limezama," alisema.

"Mambo ya uzee," alisema Gualter. "Hata mimi nina maji kwenye magoti."

Natércia akabadilisha vali, akabadilisha kopo. Hapo ndipo akafuta, na dashibodi ikatulia. Bibi Deolinda akapiga makofi.

"Bado, Bibi. Usipige makofi."

"Si imezimika?"

"Imezimika kwa sababu nimeizima. Sasa gari lenyewe lijipime. Lina vipimo vinane, na kila kimoja kina saa yake. Kingine kinataka barabara kuu, kingine kinataka injini iliyolala baridi. Tazama." Akamgeuzia kioo cha mashine. Kila kipimo na jina lake, na mbele ya kila jina neno lilelile. Bado. Bado. Bado.

"Vyote vimefeli!"

"Hapana. Bado haina maana ya kufeli, Bibi. Bado ni bado."

"Kama ndoa ya binti yangu mdogo," alisema Gualter. "Miaka sita sasa, ni bado."

Jumanne ile ile jioni Natércia alilipeleka gari barabara kuu. Jumatano Bibi akaenda nalo kwa mumewe kama kawaida, akalirudisha lipimwe. Vipimo saba vilikuwa vimeandika Tayari. Cha nane, cha mvuke, kilisema Bado.

"Basi," alisema Gualter. "Hata ukaguzi wa serikali unasamehe Bado moja. Mpe Octávio karatasi."

"Lakini hicho kimoja ndicho nilichokitengeneza! Hivyo saba havikuwa vinaumwa. Nikimwambia mjomba limepona, nitakuwa nimesema kama Lionel, ila mimi nina cheti."

Gualter alikuna kidevu. "Kesho," alisema.

Kesho yake, Alhamisi, kilisema Bado.

Natércia alikwenda kwenye kaunta, akafungua daftari la shule ya jioni, lile lenye madoa ya maziwa ya mtoto. Kipimo cha mvuke hakifanyiki ovyo. Gari liwe limelala kwa muda wa saa nane bila kuwashwa. Hali ya hewa isiwe baridi kali wala joto kali. Tangi lisiwe karibu kukauka, wala lisizidi asilimia themanini na tano. Alisoma mstari huo wa mwisho, akaurudia, akatoka mbio kwenda kwenye mashine.

Mafuta yaliyomo: tisini na tisa.

Akarudi kwenye daftari la kazi, kwenye ule mstari aliouchora vizuri. Asilimia mia. Siku tatu jibu lilikuwa limelala chini ya kalamu yake.

Bibi Deolinda alikuwa anafunga taulo la pili kwenye sufuria, tayari kwenda.

"Bibi, jana uliweka mafuta?"

"Niliweka."

"Na juzi?"

"Kila siku naweka, nikitoka kanisani."

"Kila siku! Kwa Babu ni maili nne."

"Nne kwenda, nne kurudi. Naweka ya maili nane."

"Mpaka wapi, Bibi?"

"Mpaka pampu ikate." Alifikiri kidogo, maana alikuwa mkweli. "Halafu naongeza. Ikikata naongeza tena. Nikiyaona shingoni, namshukuru Mungu, nafunga kifuniko."

Gualter alianza kukohoa, akaingia chini ya gari lisilokuwa na kazi.

Natércia akachuchumaa mbele ya bibi yake, kama anavyochuchumaa mbele ya binti yake. "Sikiliza. Tangi linahitaji nafasi ya kuvuta pumzi pale juu. Ukilijaza mpaka shingoni, petroli inapita kule kunakopita hewa, inaingia kwenye kopo la makaa, inalizamisha. Ndiyo iliyoharibu vali. Na sasa gari haliwezi kupima mvuke, kwa sababu mvuke hauna pa kukaa."

Bibi aliacha kufunga taulo. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo niliyeliharibu ni mimi."

"Si hivyo—"

"Ni hivyo. Octávio asisikie."

"Tulipunguze tu, Bibi. Lilale leo likiwa na robo tatu. Kesho asubuhi tunalipima."

"Sipunguzi."

"Robo tatu ni mafuta mengi! Unafika New York."

"Nimesema sipunguzi, Natércia. Niombe kingine chochote."

Hakuwa amekasirika. Ndivyo Natércia alivyojua kwamba jambo ni zito, maana Bibi yake alikuwa mwepesi wa hasira kwa mambo madogo, kama chumvi na viatu vya watoto. Alisubiri. Na Bibi, macho yake kwenye taulo, akasimulia.

Alikuwa na miaka minane, kule Faial, kisiwa walichotoka ng'ambo ya bahari, mwaka ule moto ulipochipuka baharini na jivu likaanza kuangukia mashamba. Hayo Natércia aliyajua. Nusu ya mtaa walihamia huku wakikimbia jivu lile. Hakujua habari za lori. Ardhi ilipoanza kutikisika, jirani yao Laureano alileta lori kuwahamisha. Mama yake Deolinda akampakia yeye, na bibi yake, na magodoro. Lori likapanda mlima nusu maili, likakohoa, likazima. Tangi lilikuwa tupu. Laureano alikuwa amesema angejaza kesho.

"Tukashuka, tukatembea," alisema Bibi Deolinda. "Bibi yangu alikuwa na miaka themanini na mbili. Alitembea kidogo, akakaa chini kwenye jivu, akasema nendeni, mimi ninapumzika. Baba akambeba mgongoni njia yote."

"Alifika?"

"Alifika, na akaishi miaka sita, akimlaumu Baba kwamba alimbeba vibaya." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Lakini ile sauti ya injini ikikohoa, mjukuu wangu, mimi sijaacha kuisikia."

Natércia alikuwa na maneno mengi ya darasani, na hata moja halikufaa. Angeweza kusema kwamba mji wao huu wa Fall River hauna volkano. Bibi alilijua hilo, alikuwa ameishi pale miaka sitini na kitu. Natércia alisimama, akachukua ufunguo wa gari lake mwenyewe, akatoka. Gualter alichungulia kutoka chini ya gari: "Amekwenda wapi?" Bibi akainua mabega.

Baada ya robo saa alirudi, akauweka ufunguo kwenye kiganja cha bibi yake, akakifunga vidole kimoja kimoja.

"Langu limejaa. Pampu ilikata mara moja, nikaacha. Leo litalala mlangoni kwako, limeelekea barabarani. Kukitokea chochote, kimbia nalo."

Bibi aliutazama mkono wake uliofungwa. "Na wewe na mtoto mtakimbia na nini?"

"Tutakuja kwako. Tutapanda wote."

Gualter akaona aibu kuendelea kulala chini, akatoka. Kisha Bibi Deolinda akafungua mkoba, akautia ufunguo katika kile kimfuko cha zipu anachowekea rozari.

"Tunapunguzaje?" aliuliza.

"Tunayachoma barabarani. Kama maili sabini hivi."

"Maili sabini! Nakwenda wapi mimi maili sabini?"

"Babu angependa kwenda wapi?"

Gualter alisema kwamba safari ile ni sehemu ya matengenezo na asiyeamini amuulize yeye. Basi saa sita Babu Serafim alikuwa kwenye kiti cha mbele, kofia kichwani, muuguzi akiwa amesaini atoke kama kitabu cha maktaba. Bibi alishika usukani. Natércia alikaa nyuma, mashine mapajani, waya umepita katikati ya viti, sufuria ya supu imebanwa kwa miguu.

Walifuata pwani kuelekea kusini. Kwa miaka miwili Bibi Deolinda hakuwa amevuka zaidi ya daraja lile moja, na mwanzoni alishika usukani kama anayeshika ng'ombe pembe.

"Deolinda," alisema Babu, ambaye ulimi wake kiharusi kilikuwa kimeupunguzia kasi lakini si makali, "yule aliyetupita ni mtu wa baiskeli."

"Nyamaza, Serafim. Natunza mwendo. Fundi amesema mwendo uwe mmoja."

"Alisema mmoja. Hakusema wa konokono."

"Tisini na nne," alisoma Natércia kutoka nyuma.

"Nini tisini na nne?"

"Mafuta, Babu. Tunataka yashuke chini ya themanini na tano."

Babu alikuwa muuza samaki wa mnadani miaka arobaini. Macho yake yakaamka. "Tisini na nne, nani ananipa tisini? Mama wa usukani, ongeza mguu! Tisini, nasikia tisini?"

"Tisini na moja."

"Tisini na moja, bibi yule wa nyuma mwenye waya! Nani ananipa themanini na tisa?"

Bibi Deolinda alicheka mpaka akalazimika kupunguza mwendo, jambo ambalo halikusaidia hesabu. Walikula supu wakiwa wameegesha mbele ya ufuo mtupu wa mwezi wa kumi, milango wazi, Babu akichovya mkate mtamu na kusema kwamba supu ile imepoa na ni nzuri hivyohivyo. Hakuwa ameiona bahari karibu tangu aanguke. Alimshika mkewe kwenye kiwiko, akakaa hivyo hadi waliporudi barabarani. Njiani Natércia alisoma, "Themanini na moja," na Babu akapiga dashibodi kwa kiganja chake kizima: "Imeuzwa!"

Ijumaa Natércia alikwenda kwa Bibi kwa miguu, saa moja asubuhi. Magari mawili yalikuwa mlangoni, yamefuatana, yana umande. Bibi alifungua mlango kabla hajagonga, amevaa koti.

"Ulilala?"

"Nilichungulia mara mbili tu," alisema Bibi. Kisha, "Tatu."

Waliwasha injini ikiwa baridi. Bibi aliendesha taratibu kushuka mtaani, akapita kituo chake cha mafuta; mkono ukamwendea wenyewe kwenye kiashiria cha kukata kona, akaurudisha. Natércia alikuwa ameweka mashine juu ya goti. Kompyuta ya gari ilifunga vali, ikalifunga tangi, ikaanza kungoja kama lingevuja. Dakika ilipita. Nyingine.

"Inasemaje?"

"Endesha, Bibi. Usinitazame mimi."

"Natazama barabara. Masikio ndiyo yanakutazama."

Walikuwa wamefika darajani, mahali palepale pa Jumatatu, neno lilipobadilika. Natércia aliliangalia mara mbili, kisha akafungua ukurasa wa hitilafu, akakuta hakuna kitu, wala hitilafu iliyothibitika wala inayonyemelea.

"Tayari," alisema. "Imesema Tayari, Bibi. Limepona."

Bibi Deolinda hakupiga makofi, maana mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Aliimba kidogo tu, wimbo wa maandamano ya kanisa, mpaka ng'ambo.

Octávio alikuja gerejini saa tano kamili, akiwa na sare yake ya kazi. Natércia alimwonyesha vipimo vyote vinane, kimoja kimoja, akamweleza vali ilifanya nini na kopo lilikuwa na uzito gani. Octávio alisikiliza vizuri, kama mtu aliyekuja kugombana akakuta kiti kimeandaliwa.

"Na kopo lilizamaje?"

Natércia alimtazama bibi yake. Angenyamaza, aliombwa anyamaze. Lakini Bibi alikuwa amekwisha kushuka kutoka kwenye matairi.

"Nililizamisha mimi. Najaza mpaka shingoni, kila siku. Sasa nimeambiwa, ikikata mara moja naacha." Na akamweleza habari za lori la Laureano, kwa maneno machache kuliko aliyompa Natércia, akiwa amesimama.

Octávio alivua kofia. "Mama, miaka hamsini mimi ni mwanao. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza habari za taa."

Gualter aliona ni wakati wa kwenda kutafuta spana. Octávio aligeuza ufunguo mkononi. Alikuwa ameupokea kutoka kwa Natércia alipoingia, na kwa dakika nzima hakuna aliyejua angeutia mfukoni au la. Hata yeye, ukimtazama, hakujua. Mwishowe alimshika mama yake mkono, akauweka ufunguo pale.

"Nina saa nzima kabla ya zamu," alisema. "Nitakaa pembeni. Sitasema kitu."

"Utasema."

"Nitasema kidogo."

"Panda basi, supu inapoa," alisema Bibi Deolinda, na tayari alikuwa anavuta kiti mbele, inchi moja, inchi nyingine, mpaka miguu yake ikafika.